Kiatu Hakibadiliki

Mashine ilimwambia Mwanakheri atembee, akatembea. Ikamwambia asimame kwa mguu mmoja, akasimama. Ikamwambia apande ngazi ya mbao iliyo pembeni mwa chumba changu cha vipimo, akapanda na kushuka huku amejiuma mdomo, kwa sababu kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevilalia vidole vingine, na ubavuni pake pamechomoza nundu nyekundu, ngumu, ambayo hata soksi ikiigusa anaruka. Sakafu chini yake ilisoma kila alipokanyaga. Haikuchukua muda.

"Vipimo vimekamilika," Mshauri, ndivyo mashine hiyo inavyoitwa, akasema kutoka darini, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio aliyeshiba. "Pendekezo: kuunganisha kiungo cha kidole gumba. Mfanyakazi atarejea Kituo cha Juu ndani ya wiki mbili. Uwezekano wa nundu kurudi: hakuna."

Mwanakheri hakutoka pale sakafuni. Alinitazama mimi, kisha akaitazama dari.

"Haitaki kuniona nikichuchumaa?"

"Vipimo vimekamilika."

"Wala nikisujudu?"

"Vipimo vimekamilika," Mshauri akarudia, na mimi nikasikia damu inanipanda kichwani. Nilikuwa mgeni katika zahanati ya Kambi ya Ngazi, sijamaliza hata kufungua mabegi yangu, na tayari nilishatamani kuirushia ile dari kiatu.

Nikamshika mkono, nikamketisha. Kisha nikaichapisha mifupa ya mguu wake kwa plastiki, yote, kwa ukubwa wake halisi, nikamwekea kiganjani ikiwa bado ina uvuguvugu wa mashine.

"Hii nundu si mfupa ulioota," nikamwambia. "Ni kichwa cha mfupa wako mwenyewe. Mfupa huu mrefu wa wayo umeenda nje, kidole kimeenda ndani, na pale vinapokutana ndipo panapochomoza."

"Kwa hiyo mtu akiinyoa tu?"

"Kuinyoa ni rahisi. Unaingia asubuhi, jioni uko kwako. Lakini mfupa umebaki umepinda vilevile. Nundu itarudi, nitakunyoa tena, tutazoeana."

Akacheka kidogo. Ni fundi wa kamba huyu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, viganja vimejaa alama za cheche. Kule juu, nje ya hewa ya dunia, ambako ile kamba ya lifti inayotoka baharini mbele ya kambi yetu inaishia, yeye ndiye anayechomelea na kukagua maungio kabla lifti haijaruhusiwa kupita na watu. Huko hakuna uzito, kwa hiyo wanatembea kwa viatu vya sumaku. Kila hatua lazima aung'oe mguu sakafuni kwa nguvu, na kila anapoung'oa, kidole gumba kinasukumwa kwenye ncha nyembamba ya kiatu. Fanya hivyo mwaka hadi mwaka, utaona kitakachotokea.

"Njia ya pili," nikaendelea, "ni kuukata mfupa wenyewe, hapa, tukausogeza mahali pake na kuushika kwa skrubu. Kidole kinanyooka, na kiungo kinabaki kinakunjika. Ubaya wake ni kusubiri. Wiki sita za magongo, na miezi kadhaa kabla hujaukanyagia kwa nguvu zako zote. Na ukiurudisha mguu kwenye kitu kilekile kilichoupinda, unaweza kupinda tena. Siwezi kukudanganya."

"Si kuna gundi hai siku hizi? Wenzangu waliunga kwa siku chache tu."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Gundi hai ni chembe za mfupa zilizofugwa maabara. Ukizipaka kati ya mifupa miwili, zinaishona upesi kuliko ambavyo mwili ungeweza. Ila hazina adabu. Zinakua popote zinapokuta nafasi, na zikiwa karibu na kiungo kizima zitaingia humo na kukifunga. Kwa njia hii ya kukata na kusogeza, gundi hai ni balaa, na inabidi mfupa usubiriwe kama zamani.

"Ya tatu ni kufunga kiungo cha nyuma, hapa kwenye upinde wa wayo, kidole kikabaki huru. Hiyo inawafaa ambao mfupa umelegea kwenye shina lake. Wako haujalegea."

"Na hii ya mashine?"

"Hii ya mashine tunakwangua gegedu, lile tabaka laini la kiungo cha kidole, tunapaka gundi hai, tunabana kwa bati. Mifupa miwili inakuwa mmoja. Maumivu kwisha, nundu hairudi, na kidole hakikunjiki tena maisha. Nimewafanyia watu wenye baridi yabisi, ambao kiungo kimelika na kila wakikikunja wanalia. Wakanishukuru kwa machozi."

"Changu kimelika?"

"Chako ni kizima kabisa."

Akakishika kile kidole cha plastiki, akakikunja, akakikunjua.

"Yaani mlango unafungua na kufunga vizuri, nyinyi mnataka kuning'olea bawaba," akasema. Kisha akashusha sauti. "Daktari, kule juu tunasali tukielea, tumejifunga mikanda ukutani, kila mtu anaelekea anakodhani ndiko kibla. Miezi yote hiyo mimi naiwaza sijda moja tu, ya chini, paji la uso kwenye mkeka na vidole vimekunjika vimeshika ardhi. Ndiyo inayonijulisha kwamba nimerudi nyumbani. Wenzangu waliofungwa kidole hawaipati tena. Njoo Ijumaa uone mwenyewe."

* * *

Mimi ni Mwanglikana, mtoto wa mwinjilisti wa Muheza, na msikitini nilikuwa sijawahi kuingia. Nilijitanda kanga mbili, nikavua viatu, nikaketi nyuma kabisa upande wa wanawake.

Nilidhani nitaona viti viwili vitatu, vya bibi zetu wenye magoti. Vilijaa ukuta mzima. Na waliokaa juu yake walikuwa wasichana! Mmoja, Zamda, rafiki yake Mwanakheri, hata kuolewa hajaolewa. Wenzake walipoinama yeye aliinamisha kichwa tu, mikono juu ya mapaja, miguu imenyooshwa mbele na vidole gumba vimesimama wima kama vigingi. Mwanakheri alikuwa chini, mbele yake, akijikunja kwa shida juu ya kidole chake kibovu. Alipotoa salamu, macho yalikuwa yamemjaa maji ya maumivu.

Tulipotoka nje Zamda aliniambia, bila mtu kumuuliza, kwamba siku hizi akienda kwao kijijini anabeba ndoo. Choo cha kwao ni cha kuchuchumaa. Alisema hivyo akicheka, na mimi sikuweza kucheka naye.

Hasira niliyotoka nayo pale sijui nielezeje. Viungo vizima. Vya wasichana. Vimekwanguliwa na kugandishwa kwa sababu hakuna aliyeifundisha ile mashine kwamba binadamu huwa anainama. Imetengenezwa na watu wanaokaa kwenye viti tangu utotoni, imeletwa kwetu, na sisi tukaipokea kwa makofi bila kuiuliza hata swali moja. Tena kwa hotuba.

* * *

Bwana Sechonge, meneja wa ustawi wa kampuni, alikuja mwenyewe zahanati. Mshauri alishamwarifu kwamba sijasaini pendekezo. Alimkuta Mwanakheri kwenye kiti na mimi nikimfunga pedi kidoleni.

"Dada Edina," akaanza. Akitaka jambo huwa ananiita dada. Asipotaka, mimi ni Dokta. "Sisi sote ni watu wa Muheza. Usinitie aibu kwa wakubwa. Mashine imelinganisha njia zote."

"Imezilinganisha kwa kutembea, kusimama na kupanda ngazi. Wewe kwenu mlikuwa hamchuchumai? Mama yako alikuwa anakuna nazi amesimama?"

"Tuache mambo ya mama yangu."

"Siyaachi. Kiungo cha huyu ni kizima. Ukinikuta nakwangua kiungo kizima, niitie polisi."

Akahema, akamgeukia Mwanakheri kwa ile sauti ya upole ambayo watu huwa wanaitumia kwa wagonjwa na watoto.

"Binti yangu, nundu hizi ni za kurithi. Si kosa la mtu. Na habari ya sala, mimi nimeuliza kwa wanaojua. Dini yenu si nzito. Inaruhusu kusali kwenye kiti."

"Inaruhusu, baba," Mwanakheri akasema. "Ni ruhusa ya asiyeweza. Mimi naweza. Nyinyi ndio mnaotaka nisiweze, halafu ruhusa yangu mnaniletea kama zawadi."

Nilitaka kumkumbatia. Na hilo la kurithi, sikatai, lipo; kuna koo zinazozaliwa na miguu ya kupinda. Lakini kambini pale kila fundi wa kamba, awe Mdigo, Mchaga au Mmakonde, ana nundu mahali palepale. Koo zote hizo zilikutana lini zikarithishana? Nilimuuliza hivyo, akajifanya anasoma ujumbe.

"Basi, hakuna anayelazimishwa," akasema akielekea mlangoni. "Asipotaka, abaki chini. Nafasi yake juu atapewa mwingine, na tutamtakia kila la heri."

Hakuna anayelazimishwa! Nimewahi kutukanwa na wagonjwa waliolewa ganzi, nimewahi kurushiwa bakuli la uji. Hakuna tusi lililonichoma kama hilo, lililosemwa kwa adabu, na tai shingoni.

* * *

Mwanakheri alirudi asubuhi iliyofuata. Safari hii hakuketi.

"Shikamoo, daktari. Nifunge."

"Marahaba. Nikufunge nini?"

"Kidole. Nimelala nikiwaza, nimechoka. Wewe hujui kule juu kukoje. Nikimaliza ungio, lifti inapita juu ya kazi ya mikono yangu, na ndani yake watu wamelala usingizi hawana habari. Moyo wangu unakuwa mkubwa mpaka unanitisha. Nimesoma kwa ajili ya hiyo, nimeachana na mtu kwa ajili ya hiyo. Siwezi kukaa hapa chini nikiitazama kamba kwa mbali." Akafuta pua kwa ncha ya mtandio. "Mungu atanipokea kwenye kiti. Nifunge."

Hapo ndipo nilipokwama. Sheria ya kazi yangu iko wazi: mtu mzima mwenye akili timamu akielezwa njia zote, akachagua, daktari hana haki ya kumchagulia nyingine. Na kwa mtu anayerudi kwenye kiatu kile, Mshauri alikuwa sahihi, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikimkata mfupa na kuusogeza kwa ustadi wangu wote, kiatu kitaupinda tena, nami nitaishia kumfunga kiungo baadaye, akiwa ameshapoteza kazi na amebeba makovu mawili. Nikikataa, namnyima kazi anayoipenda. Nikikubali, namharibu. Ridhaa alinipa, ndiyo, ila ilikuwa imekamuliwa kama tui.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

"Mimi ningetukana," nikasema. "Hebu nipe hicho kiatu."

Alikuwa nacho begani, kwenye mfuko wake wa kazi. Ni aibu kusema, lakini sote pale zahanati tulikuwa tunautazama mguu siku nzima, na kiatu kinaachwa mlangoni. Ndiyo desturi yetu. Huwezi kuingia na viatu kwa watu. Nikakiweka juu ya meza. Kisigino kilikuwa na sumaku. Chini ya wayo kulikuwa na sumaku nyingine, na nyaya zake. Kisha mbele ikafuata ncha ndefu, nyembamba, nzuri kwa kweli, inayong'aa. Nikaigonga kwa kucha. Ilikuwa gamba tupu.

"Mshauri," nikaita. "Ndani ya ncha ya kiatu cha sumaku kuna kifaa gani?"

"Hakuna kifaa."

"Basi inafanya kazi gani?"

"Ncha haina kazi katika mwendo. Ni umbo. Inafanana na nembo ya kampuni."

Mwanakheri aliangalia ukuta. Nembo ilikuwa pale, juu ya mlango, kubwa: mshale unaoelekea mbinguni. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na kucheka kule kukageuka, akawa analia kwa hasira, akipiga meza kwa kiganja na kulitaja jina la Zamda.

Nikalitoa koti langu la upasuaji, nikalivaa. Nikafunga barakoa. Nikakiweka kile kiatu chini ya taa, nikawasha msumeno wa mifupa.

"Upasuaji huu haumo katika mpango wa leo," Mshauri akasema. "Taja mgonjwa."

"Kiatu cha sumaku, mguu wa kulia."

"Taja tatizo."

"Kimepinda. Rekodi."

Nikakata. Gamba lile lilipiga kelele kuliko mfupa wowote niliowahi kuukata, na moshi wake ulinuka ovyo. Niliiondoa ncha yote, nikapanua ubavu, nikalainisha kingo kwa tupa, nikaweka pedi ndani. Kilipokwisha kilikuwa kibaya kwa kutazama. Mwanakheri akakivaa, kidole chake kikachungulia nje, akapanda kwenye ile sakafu ya chuma nami nikawasha sumaku zake. Akatembea. Akageuka, akatembea tena, akapanda ngazi. Kisha akafanya ambalo hakuna aliyemwomba: akachuchumaa, na kiatu mguuni.

"Mshiko wa sumaku haujapungua," Mshauri akasema. "Mkandamizo kwenye kidole gumba umeshuka chini ya kiwango cha madhara." Mwanakheri akainuka, ile dari ikaendelea. "Taarifa mpya imepokelewa. Awali niliingiziwa kiatu kama kitu kisichobadilika na mguu kama kitu kinachobadilika. Kama kiatu kinabadilika, pendekezo langu ni tofauti: kukata mfupa, kuusogeza, kuhifadhi kiungo. Pendekezo hili linawahusu wafanyakazi wote waliopimwa na kuonekana na viungo vizima. Naomba mwenye mamlaka athibitishe: je, kiatu kinabadilika?"

Nilikaa chini. Nimewahi kuichukia ile mashine, na siku hiyo niliihurumia. Haikuwahi kusema uongo hata mara moja. Watu walikuwa wameketi mahali, kwenye kiyoyozi na chai, wakaulizwa kipi kibadilike kati ya kiatu na mguu wa binadamu, wakajibu mguu.

* * *

Bwana Sechonge alifika akiwa ametota jasho. Aliitazama ncha iliyokatwa, imelala kwenye trei pamoja na mikasi yangu.

"Umeharibu mali ya kampuni."

"Nimeitibu."

"Dokta Mhina, sina utani." Akavuta kiti, akakaa karibu na Mwanakheri, magoti yake yakikaribia kugusana na ya binti wa watu. "Sikiliza. Nimeongea na wakubwa. Wamekubali. Utafanyiwa upasuaji unaoutaka, utasubiriwa mpaka upone, utashonewa kiatu chako maalumu chenye nafasi. Utarudi juu. Tunachoomba ni kitu kidogo. Daktari afute rekodi ya leo, na mimi nithibitishe kwa Mshauri kwamba kiatu kinabadilika kwako peke yako, kwa sababu za kiafya. Wengine hawana haja ya kusumbuliwa na jambo hili."

Nilikuwa na ya kusema ya kujaza kapu, lakini mguu haukuwa wangu, wala kazi ile haikuwa yangu. Kila kitu alichokililia Mwanakheri kilikuwa mbele yake mezani, kimepakuliwa. Angekubali, ningemfanyia upasuaji na nisingemlaumu. Ndivyo nilivyojiambia, na nilijua najidanganya kidogo.

"Na Zamda?" Mwanakheri akauliza.

"Zamda alishapona."

"Walio kwenye benchi hapo nje? Nimewapita nikiingia. Wamekuja kupimwa."

"Hao ni wengine."

Mwanakheri akainama, akakifungua kiatu kilichokatwa, akakivua polepole kwa sababu nundu ilikuwa inamuuma. Akakipakata.

"Baba," akasema, "Ijumaa nitasujudu, na kidole changu kitakunjika. Nikiinua kichwa, Zamda yuko kwenye kiti nyuma yangu. Nimwambie nini?"

"Utamshukuru Mungu kwa bahati yako."

"Mungu usimtie kwenye hili!" Alipiga kelele mpaka glasi za dawa zikalia kabatini. Kisha akashusha sauti. "Kata jina langu kwenye safari. Rekodi isifutwe. Daktari, nifanyie ile ya kukata na kusogeza, kwa mkono wako, mashine isiniguse. Nikipona nitatafuta la kufanya hapa chini."

Nilimfanyia siku ileile. Niliukata mfupa, nikausogeza, nikakaza skrubu kwa mkono, na kabla sijafunga kidonda nilikikunja kile kidole mara kadhaa, taratibu, kikakubali. Nilifurahi, na chini ya furaha ile hasira ilikuwa bado inachemka, kwa sababu mtu hapaswi kutoa kazi yake ili aachiwe kidole alichozaliwa nacho.

* * *

Sechonge alidhani limekwisha. Hakumjua Mshauri. Swali likiwa halijajibiwa, Mshauri halisahau. Na kwa kanuni za kampuni yenyewe, swali la aina ile hujibiwa na mwenye mamlaka, ndani ya chumba cha vipimo, mgonjwa akiwa juu ya sakafu. Upasuaji wote wa vidole ukasimama. Wiki zikapita, mafundi wakazidi kujaa kwenye benchi, wakubwa wakapiga simu kwa ukali, na asubuhi moja ikambidi Sechonge aje.

Mwanakheri alikuwepo, na magongo yake, amekuja kubadilisha bandeji. Zamda alimsindikiza. Mlango tuliuacha wazi kwa sababu ya joto, na wa kwenye benchi walikuwa wanachungulia.

Juu ya sakafu, ambako siku hizi tulipima watu wakiwa na viatu vyao, alisimama fundi mmoja kijana, Shekiondo, mguu mmoja una kiatu, wa mwingine amekivua kwa maumivu. Alitembea, akasimama, akapanda ngazi.

"Kiungo ni kizima," Mshauri akasema. "Kabla ya kutoa pendekezo naomba jibu la mwenye mamlaka. Je, kiatu kinabadilika?"

Sechonge alikohoa. "Endelea na pendekezo la kawaida."

"Hilo si jibu. Je, kiatu kinabadilika?"

Aliniangalia mimi. Sikumsaidia. Alimwangalia Shekiondo, ambaye alikuwa anamtazama kwa heshima zote, akingoja, kama mtu anayengoja kusomewa majibu ya mtihani. Sikuwahi kumwona Sechonge akiwa mdogo namna ile. Nadhani kuandika jibu lile ofisini kungekuwa rahisi. Lilikuwa limeandikwa miaka yote bila mtu kutoka jasho. Kulisema mbele ya mwenye mguu ni kazi nyingine.

"Hapana," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kiatu hakibadiliki."

Shekiondo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa. Akainama, akafungua kile kiatu kimoja kilichobaki, akakiweka sakafuni mbele ya Sechonge, kwa mikono miwili, kwa adabu. Akatoka peku. Alipopita kwenye benchi hakusema neno, ila nilisikia kufuli za viatu vya sumaku zikifunguka moja baada ya nyingine, na watu wazima wakija mmoja mmoja mlangoni kuviweka chini, wanaume kwa wanawake. Zamda naye alienda kuchukua vyake kabatini kwake, akavileta. Mwanakheri aliegemea magongo yake akitazama, midomo ameikaza, chozi limemfika kidevuni na hana mkono wa kulifuta. Nje kengele ya zamu ilikuwa inalia, lifti imesimama chini ya kamba, mlango wazi, haina mtu.

"Dada Edina," Sechonge akaniambia, amezungukwa na viatu mpaka hana pa kukanyaga. "Dada yangu, zungumza nao. Wewe wanakusikiliza. Waambie wavae."

"Mimi ni daktari wa miguu, Bwana Sechonge," nikamwambia. "Na miguu yao leo haina tatizo lolote."